Vinyama Saba Shingoni

Mimba yangu ya kwanza iliniletea vinyama shingoni. Nasema waziwazi kwa sababu wanawake wengi wa rika langu huficha mambo ya namna hii chini ya kitambaa mpaka wanazikwa nayo. Mimi sikusoma. Shule nilikaa mihula miwili nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu, na kuandika huku nilijifundisha mwenyewe nikiwa mtu mzima mwenye duka lake Makongeni. Basi anayetaka Kiswahili cha redio aende kwingine. Anayetaka kujua nilivyoitenda shingo yangu, akae.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, miaka ambayo hata kwenda kununua chumvi ng'ambo ya mto ulihitaji kibali. Tuliishi kambi ya shamba la mkonge upande wa Ruiru. Mume wangu alikata mkonge. Mimi na mama mkwe wangu tulifanya kazi uwanja wa kuanikia. Katani ikitoka kwenye mashine ni mbichi, nzito, inachuruzika maji ya kijani, nasi tunaibeba begani na kuitandaza juu ya nyaya ikauke. Maji yale yanawasha. Ukianza kazi ile unajikuna wiki nzima kama mbwa, halafu ngozi ya mikono inakuwa ngumu na unasahau. Kila mtu kambini alijua hivyo, na mimi nilijua. Likumbuke hilo, kwa maana baadaye utanicheka.

Mama mkwe alikuwa mjane. Chumba chake kilipakana na chetu na ukuta ulikuwa bati moja tu, nikipiga chafya ananiuliza kama nimejifunika. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mkali, anayefanya kazi kuliko wanaume wawili, na tangu tumbo langu lianze kuonekana alikuwa na jambo moja tu kichwani.

Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya mume. Si jina tu. Mtoto yule ndiye yeye, amerudi mdogo. Na mama mkwe wangu, sijui aliambiwa na nani, alikuwa na hakika kwamba nimebeba msichana. Asubuhi tukikutana penye mfereji alikuwa hanisalimu mimi kwanza. Aliinama mbele ya tumbo langu akasema, "Nimeamkaje? Nimelala vizuri?" Halafu ndipo aniangalie usoni: "Na wewe umenipa chakula gani jana? Mbona natulia hivi?" Wanawake wa kambi walikuwa wanashika mbavu kwa kicheko. Mimi nilikuwa nafurahi. Mtu akikupenda mpaka akahamia tumboni mwako, utataka nini tena?

Mwezi wa nne wa mimba nikahisi kitu upande wa kulia wa shingo, pale ninapobebea katani. Kidogo kama punje ya mtama, laini, kimeshikiliwa na ngozi nyembamba kama kitunda kwenye kikonyo chake. Hakiumi. Rangi yake ni rangi yangu. Nikakidharau. Mwezi wa tano vikawa vitatu, mwezi wa sita vikawa saba, na kikubwa chao kilifika punje ya hindi. Vilijipanga pale pale ambapo uzi wa shanga zangu ulikuwa unapita na mzigo wa katani unasugua.

Nilivaa kitambaa. Lakini siku moja juani tukiwa kwenye nyaya kitambaa kikaanguka, na mama mkwe alikuwa nyuma yangu.

"Mwari," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, ni kama kusema binti. "Simama hapo. Hiyo ni nini?"

"Ni vinyama tu, mama."

"Tu? Nyama inaota mpaka nje na unasema tu?" Akavihesabu kwa kidole bila kunigusa. "Saba! Na mimi nikizaliwa nitalala juu ya shingo hiyo? Niweke mdomo hapo?"

"Haviumi."

"Sikukuuliza kama vinauma. Nimekuuliza kama nitavishika."

Nikaokota kitambaa nikajifunga. Ningemuuliza nani? Kambini palikuwa na watu wawili waliokuwa na vinyama kama hivyo, mzee mmoja mlinzi na mke wa nyapara ambaye alikuwa mnene sana, lakini hakuna aliyewahi kuwauliza vilitoka wapi. Watu walisema tu, usiviguse.

Jioni hiyo mama mkwe alimwambia mume wangu, nami nasikia kupitia bati, kwamba mtoto akizaliwa hatanyonya kwangu. Atapelekwa kwa mke wa kaka yake mkubwa, aliyekuwa mlango wa tatu kutoka kwetu, ana mtoto mchanga na maziwa tele. Atakaa huko mpaka shingo yangu iwe safi. Mume wangu alikuwa mtu mzuri, lakini mbele ya mama yake alikuwa na mdomo wa mapambo. Mke wa kaka yake naye aliniambia kesho yake, "Mimi sina haja na mtoto wako. Maziwa yangu yana mwenyewe. Lakini mama ameshasema, nitafanyaje?"

Nikaona basi, dawa ni kuvitoa kabla sijajifungua.

Mwanamke mmoja wa kambi alinipa siri ya wazee. Unachukua unywele wa mkia wa ng'ombe, unafunga kikonyo cha kinyama kwa nguvu, damu inakatika, baada ya siku chache kinakauka na kuanguka chenyewe. Lakini kambini ng'ombe hawakuruhusiwa. Wa kwetu walibaki huko tulikotolewa, na ng'ombe wa mzungu ukisogelea mkia wake utaulizwa na askari. Nikakaa nikafikiri. Tumezungukwa na nyuzi! Shamba zima ni nyuzi! Mimi natafuta mkia wa ng'ombe wa nini?

Tena nikajiona nina akili kuliko wazee. Katani kavu ni ngumu, inakata. Nikachukua mbichi, iliyotoka tu kwenye mashine, kwa sababu ni laini na ikikauka itajikaza yenyewe. Na yale maji ya kijani yanayokula ngozi? Nikasema, vizuri, yale pia. Yasaidie. Uzi ubane, maji yatafune. Nikavifunga vyote saba siku moja, mke wa shemeji akinishikia kioo, nikafunika kitambaa, nikalala kama mtu aliyemaliza kazi.

Ngozi ya shingo si ngozi ya mkono. Hilo ndilo nililosahau. Siku ya pili shingo ilikuwa inawaka. Siku ya tatu ilivimba kutoka sikio mpaka begani, na ili nimwangalie mtu ilibidi nigeuke mwili mzima kama fisi. Malengelenge yalipasuka, yakaanza kutoa maji. Vinyama viwili vilianguka kweli, cha tatu sikukijua tena ni kinyama au ni kidonda. Nilijaribu kukata nyuzi kwa wembe, zimezama ndani ya uvimbe hazionekani.

Mama mkwe alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umeona? Umeuchokoza ugonjwa, sasa umekasirika."

"Si ugonjwa, mama. Ni katani."

"Katani! Mimi nimebeba katani miaka yote hii, shingo yangu iko wapi? Hii hapa."

Nilikuwa na joto la mwili na nilikuwa na hasira, na vitu hivyo viwili vilinipa mdomo ambao sikuwa nao siku zote. Nikamwambia, "Kesho naenda hospitali ya Thika. Na wewe unakuja. Sitaki nikirudi useme nimekudanganya. Utasikia kwa masikio yako ni kitu gani, na wakisema kinaambukiza, mtoto akizaliwa nitampeleka kwa mke wa shemeji kwa mikono yangu. Wakisema hakiambukizi, mtoto ni wangu."

Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia "unakuja". Akasema, "Nitavaa viatu." Viatu alikuwa navyo jozi moja, vya kanisani.

Nyapara alituombea kibali cha siku moja, na lori la shamba lililokuwa linapeleka katani likatubeba. Mimi nilikaa nyuma juu ya marobota, tumbo mbele, shingo upande. Mama mkwe alikaa na dereva. Kupitia dirisha dogo la nyuma nilikuwa namwona anazungumza njia nzima, na dereva anatikisa kichwa, na nilijua wazi kwamba mpaka tunafika Thika dereva yule atakuwa anajua vinyama vyangu kuliko mume wangu.

Hospitalini tulingoja kwenye benchi mpaka zamu yetu ikafika. Aliyetuona alikuwa dresa, msaidizi wa daktari wa kufunga vidonda, kijana, si mtu wa kwetu, ametoka upande wa ziwa, kwa hivyo ilibidi sote tuseme Kiswahili. Akafungua kitambaa. Akapiga mluzi.

"Nani amekuchoma?"

"Hakuna. Nilifunga vinyama."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa katani."

"Kavu?"

"Mbichi."

Akaweka koleo chini. "Mama, wewe unafanya kazi ya mkonge?"

"Ndiyo."

"Na hujui maji ya mkonge yanafanya nini kwa ngozi?"

"Najua. Ndiyo maana niliyatumia."

Alicheka mpaka akashika meza. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili: "Njoo umwone mhandisi!" Nikamwambia, "Cheka, ukimaliza unitibu." Hapo akaacha. Akaosha mikono, akakaa akafanya kazi yake polepole, akatoa nyuzi moja baada ya nyingine, na nimeonana na watu wengi wenye vyeti tangu siku ile lakini mikono mizuri kama yake ni michache.

Mama mkwe alivumilia mpaka akashindwa. "Daktari. Hii ugonjwa naitwa nani?"

"Si ugonjwa, mama. Ni ngozi tu, imeota ikazidi."

"Ngozi naota kama kabichi?"

"Inaota. Mahali inaposuguliwa kila siku. Shingoni, kwapani, chini ya matiti. Uzi wa shanga unasugua, mzigo unasugua, ngozi inasuguana na ngozi. Mtu akinenepa vinakuja, akizeeka vinakuja. Na mimba ikiingia mwili unaotesha kila kitu kwa haraka, na hivi pia. Havina sumu. Havina mizizi ndani. Si ukoma."

Akatueleza pia vile vya kuogopa, na maneno hayo nimeyashika mpaka leo kwa sababu nimeshayasema kwa wanawake wengi kwenye kaunta yangu. Kitu kigumu kama jiwe. Kitu kinachobadilika rangi, au kinachokua haraka wiki kwa wiki, au kinachotoka damu na hakuna aliyekigusa. Hicho usikae nacho nyumbani, peleka. Hivi laini vinavyoning'inia, ukitaka viache, ukitaka vikatwe na mtu mwenye makasi safi. Halafu, ili mama mkwe aridhike, akamwita daktari mkubwa aje aone. Daktari mkubwa aliangalia muda wa mtu kukohoa mara moja, akasema kitu kwa Kiingereza, akaenda.

"Amesema nini?" mama mkwe akauliza.

"Amesema nilivyosema."

"Hiyo ilikuwa fupi sana."

"Kiingereza ni kifupi, mama."

Hakucheka. Akasogea mbele kwenye benchi. "Sasa sema hii. Naambukiza mtoto?"

Dresa akafuta mikono. "Huyu mama ana mume?"

"Iko. Ni kijana yangu."

"Wanalala kitanda kimoja?"

Ngai! Mambo ya kitanda hayatajwi mbele ya mama mkwe. Mama mkwe akajifunika mdomo kwa leso, mimi nikaangalia sakafu, na sikuweza hata kuinamisha shingo vizuri.

"Haiya! Wewe kijana! Mama yako alikuzaa wapi?"

"Ni swali la dawa, mama. Shingo ya kijana yako ina kinyama hata kimoja?"



"Hapana," akasema ndani ya leso.

"Miezi yote hii shingo kwa shingo. Vingekuwa vinaambukiza, si angekuwa navyo?"

Mama mkwe akafikiri. Mtu yule alikuwa na akili, ingawa naye hakusoma, kama mimi. Akasema, "Kijana yangu nakata mkonge. Ngozi yake ni kama ile ya ndovu. Mtoto ni maziwa."

Dresa akaangalia mlango, mstari wa watu ulifika nje. "Mama, mimi nimemaliza maneno. Mlete mtoto akizaliwa, nitakuonyesha tena." Akanipaka dawa ya zambarau shingo nzima, akanipiga sindano, akaniambia nirudi kidonda kikifunga.

Nilirudi, na mama mkwe tena, na viatu tena. Uvimbe ulikuwa umekwisha. Vinyama vilivyobaki vilikuwa vinne. Dresa akapaka spiriti, akashika cha kwanza kwa koleo, akakata kwa makasi. Kiliuma kama siafu na damu yake haikujaza kijiko. Akakata cha pili na cha tatu, akagusa kila kidonda kwa dawa ya kukausha. Cha nne kilikuwa mbele kidogo, juu ya kovu lililokuwa bado jekundu. Akasema hicho akiache, ngozi ya pale ni changa, nikishajifungua huenda kikanywea chenyewe, na kisiponywea nirudi.

Mama mkwe alikuwa amehesabu. "Na ile moja?"

"Hiyo moja haina neno, mama."

Tukitoka pale akasema kwa lugha yetu, "Moja ni sawa na saba."

Kwa hivyo wiki za mwisho nilikuwa na shingo iliyopona na moyo usiotulia. Sikumwambia mtu. Niliosha shingo kila siku kwa sabuni, shanga nikaziweka kwenye sanduku, katani nikaibeba kiunoni na mikononi badala ya begani. Kile kimoja kilibaki pale pale. Mama mkwe aliendelea kujisalimia tumboni mwangu, lakini sasa akimaliza alikuwa anatupa jicho juu, kwenye shingo, kisha anaenda zake.

Nilijifungua mchana, jua likiwa kali juu ya mabati, mkunga wa kambi akinishika. Msichana. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka wanaume wa zamu ya mashine wakasimama. Akampokea, akamwosha, akamfunga nguo, akakaa naye kwenye kigoda karibu na mlango anamwangalia uso. Alikuwa analia na hakujali tuone. Halafu akajipangusa, akatuma mtu uwanjani. "Mwiteni mke wa mwanangu mkubwa."

Nililala pale sina nguvu hata ya kutukana. Nilikuwa nimetoa ahadi yangu, na dresa alikuwa ametoa jibu, na bado. Uwanja wa kuanikia ulikuwa mbali kidogo. Mtoto akaanza kulia. Kilio kidogo kwanza, halafu kikubwa, cha mtu mwenye haki yake. Mama mkwe akamtikisa, akamwimbia, akampa kidole, wapi! Uso wake ulikuwa unakunjamana pamoja na wa mtoto.

"Ninalia," akasema. "Mbona ninalia hivi?"

Mkunga alikuwa mzee kumshinda, na hakuogopa mtu. "Unalia kwa sababu una njaa. Mpe mama yake amshike mpaka huyo mwingine afike. Kushika si kunyonya."

Mama mkwe akaja akamlaza juu ya kifua changu. Alimlaza upande wa kushoto, mbali na kile kinyama. Lakini mtoto ni mtoto. Alijisukuma, akatafuta, akapanda, na mkono wake mdogo ukaenda juu ukapapasa shingo yangu, ukakuta kile kinyama, ukakikamata. Ngumi yote. Papo hapo akanyamaza, akapata titi, akaanza.

Mama mkwe aliruka. Akainama akajaribu kufungua vile vidole, kimoja kimoja, na huwezi kuamini nguvu ya vidole vya mtoto wa saa moja. Akifungua hiki, kile kinafunga. Mimi sikusogea.

"Mwache," mkunga akasema. "Kwani aliyekishika ni nani?"

Mama mkwe akabaki ameinama, kidole chake kimeingia ndani ya ngumi ya mtoto, kimebanwa pamoja na kinyama changu. Nilikuwa namwona karibu sana. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Ni mimi," akasema.

"Basi?"

"Basi nimeshakishika." Akaacha kuvuta. Akakigusa sasa mwenyewe, kwa ncha ya kidole, polepole, kama mtu anayepima kama chai ni ya moto. Kwa miezi yote ile hakuwa amenigusa shingo hata mara moja. "Ni laini," akasema. "Kumbe ni ngozi tu."

Akakaa chini kando ya kitanda, mgongo kwenye ukuta, miguu ameinyoosha, akatusikiliza tunavyonyonya na kunyonyesha. Mke wa shemeji yangu akafika mlangoni anahema, maji ya kijani yanamdondoka viwikoni, tayari anafungua blauzi.

Mama mkwe hakuinuka. "Rudi kwenye nyaya," akamwambia. "Mimi nimeshanyonya."